Zaburi Ninayoisoma Wodini

Mama mmoja alikuwa kitanda cha dirishani. Figo zilikuwa zimeshindwa kazi, na wiki ile ilikuwa ya tatu anasafishwa damu. Nilipovuta kiti aliniuliza kabla hatujamaliza kusalimiana: "Mchungaji, imani yangu ina kasoro gani?" Jana yake wenzake wa ushirika walikuja kumwombea, wakamtaka aungame dhambi aliyoificha, kwa kuwa Mungu hamwachi mtu wake ateseke bure. Walipoondoka, maneno yao yalibaki naye pale kitandani usiku kucha.

Mimi ni kasisi wa hospitali hapa Mombasa, na swali hilo nimelisikia mara nyingi mno. Nilifungua Zaburi ya 88 nikamsomea polepole.

Wengi wetu hatujawahi kuisikia ikihubiriwa. Karibu theluthi ya zaburi 150 ni maombolezo, na nyingi kati yake hugeuka mwishoni. Ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza, ila ikifika mstari wa tano mwombaji anasema amezitumainia fadhili za Mungu. Ya 88 haigeuki. Hemani, anayetajwa kuwa mtunzi wake, analia mchana na usiku, anamwambia Mungu waziwazi kwamba ni yeye aliyemlaza shimoni, na zaburi inakatikia gizani. Hakuna ushuhuda, hakuna haleluya. Lakini isome tena mwanzo wake: "Mungu wa wokovu wangu." Mtu huyu amekasirika, ameumia, na bado anaongea na Mungu wake. Hiyo ndiyo imani ninayoikuta wodini, na inaniuma sana mgonjwa anapoambiwa hana.

Marafiki wa Ayubu walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, akisema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule yule aliyelalamika sura baada ya sura. Nawasihi wanaokwenda kutazama wagonjwa waisome sura ya 42 kabla hawajapanda matatu.

Mimi na mke wangu tulimzika mtoto. Matangani mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akasema Mungu amechuma ua lake. Ninayemkumbuka kwa shukrani ni jirani yetu Mwislamu aliyekesha nasi akitumiminia chai. Alisema "poleni", basi.

Nikivuka daraja la Nyali hulifikiria kaburi la Rosine Krapf, huko ng'ambo ya kisiwa. Yeye na mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf, walihamia Mombasa mwaka 1844. Juni Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai homa ikamchukua Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga, huku Krapf mwenyewe akiwa mgonjwa. Hakuondoka. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walifungua kituo cha misheni Rabai. Habari hii husimuliwa kama ya ushujaa. Mimi humwona mgane aliyerudi mezani kwenye karatasi zake, akatafuta neno la Kiswahili linalofuata.

Uponyaji tunauomba, na dawa mgonjwa anywe kama alivyoelekezwa. Ila kabla ya yote humuuliza: "Leo ungependa kumwambia Mungu nini?" Kisha nasubiri, hata kama ni dakika kumi. Wengine hulia. Wengine husema maneno makali ambayo wasingethubutu kuyasema ibadani, na mimi sikatizi wala sirekebishi.

Mama wa dirishani aliniomba nimsomee tena. Nilipofika "gizani" alifumba macho, akasema, "Huyu ananijua." Nilipopita Alhamisi, Biblia ilikuwa mikononi mwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea mama.