Mtungi uache ulipo

Mzamiaji mmoja aliniletea mtungi mdogo aliouviringisha kwenye taulo. Aliutoa kwenye mabaki ya jahazi miezi minne kabla, akauosha kwa maji ya bomba, akauanika juani, akauweka sebuleni. Sasa uso wake ulikuwa unabanduka magamba, na kila asubuhi alikuta unga mweupe chini yake. "Unaumwa nini huu?" akaniuliza.

Chumvi. Udongo uliochomwa una vitundu, na maji ya bahari huupenya hadi ndani. Mtungi ukikauka, chumvi huganda kuwa fuwele, nazo zinausukuma uso kutoka ndani hadi ubanduke. Sisi wahifadhi wa vitu vya kale huupokea ukiwa bado umelowa, tukauloweka kwenye maji yasiyo na chumvi na kuyabadilisha kwa miezi. Chuma ni taabu zaidi. Tufe la mzinga lililokaa baharini karne kadhaa lina umbo lake bado, ila chuma kingi kimeshaliwa. Likikauka linapasukia mikononi mwako. Mbao nazo hunywea na kujikunja.

Lakini hayo hayakuniuma kama jibu la swali langu la pili. Ulikuwa wapi? "Hapo hapo, karibu na mbao." Tezi au omo, yaani nyuma au mbele ya jahazi? Peke yake, au umepangwa na mingine? Hakukumbuka. Mtungi mmoja penye vyombo vya kupikia huenda ulikuwa wa mabaharia. Ukiwa katikati ya ishirini iliyofanana, basi ni shehena. Tofauti hiyo haimo kwenye mtungi. Imo mahali ulipolala, na pameshavurugwa.

Tazameni Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Wazamiaji ndio walioigundua, nao wanastahili shukrani. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia waliichimba pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakipima kila kitu kabla ya kukiinua. Vitu vilivyotolewa vilitunzwa, na vingine mtaviona ndani ya Fort Jesus. Gofu la meli lenyewe walilifukia tena kwa mchanga, kwa sababu kulihifadhi nchi kavu kungegharimu mno. Mimi naona huo ndio uamuzi wa heshima kuliko yote waliyofanya pale.

Wazamiaji huniambia, "Nisipochukua mimi, atachukua mwingine, au bahari itakula." Kwa kilichofukiwa si kweli: chini ya mchanga hewa ni haba, uozo huenda polepole mno. Kwa kilichofichuka, ni kweli kwa kiasi, nami silifichi hilo. Ndiyo maana nataka taarifa mapema. Sheria ya Kenya ya 2006 inampa aliyegundua siku 7 kueleza mahali na namna alivyokipata. Mvuvi aliyenasa mtungi wavuni simlaumu hata kidogo, ila naye namsihi asiukaushe na akumbuke alipotega.

Yule kijana alikubali kunirudisha pale. Tulishuka na kamera na utepe wa kupimia, bila mfuko. Mtungi wake uko kwenye maji ya kumi na moja sasa. Jana nilipima, chumvi bado inatoka.