Je, wajua? Kompyuta ikikosa mtandao hujipa namba yenyewe

Umeme umekatika kidogo Tabora mjini, umerudi, ofisi inaendelea. Kompyuta tano ziko sawa, mbili hazifungui hata ukurasa mmoja. Jibu huwa tayari mdomoni: “Mtandao umekata.” Simu inapigwa kwa mtoa huduma, au lawama zinatupiwa mkongo, eti umekatwa huko njiani. Mwenye ujuzi kidogo anafungua lile dirisha jeusi, anaandika ipconfig, anaona namba ya kompyuta kwenye mtandao (anwani ya IP), kama 169.254.37.112. Basi anatangaza kwamba kampuni imewapa namba mbovu. Wengine husema ni virusi.

Namba hiyo haikutoka kwa kampuni yoyote, wala virusi havihusiki. Kompyuta imejipa yenyewe.

Dhana ya kwamba namba hizi hutoka nje inafaa kuvunjwa taratibu, maana ndiyo inayokula asubuhi nzima. Intaneti ikikatika huko nje, iwe ni mkongo, mnara au bili ambayo haijalipwa, kompyuta za ofisi hubaki na namba zao za kawaida, tuseme 192.168.1.23. Bado zinaonana na ruta, kile kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti. Ukiandika kwenye kivinjari ile anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1, ukurasa wake unafunguka bila shida, ila Google ndiyo haifunguki. Mtoa huduma anazungumza na ruta yako. Kompyuta iliyo mezani kwa mhasibu, yeye haijui kabisa. Kwa hiyo ukiona 169.254, acha simu. Tatizo limo ndani ya jengo lenu, mahali fulani kati ya kompyuta na kifaa kinachogawa namba. Isipokuwa kompyuta iwe imechomekwa moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoa huduma, bila ruta katikati. Hapo hoja hii inalegea.

Ugawaji wa namba unaitwa DHCP, na katika ofisi ndogo kazi hiyo hufanywa na ruta. Mwenendo wake ni ule ule wa gesti za karibu na stesheni ya Tabora, pale Reli ya Kati inapogawanyika, moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza. Abiria anashuka usiku, hana chumba, hajui nani yuko zamu. Anabisha kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: “Hodi, kuna chumba?” Mhudumu anajibu: “Kipo, namba 23.” Abiria: “Basi nipe hicho.” Mhudumu anaandika daftarini: “Chako, mpaka kesho.” Kompyuta nayo hupita hatua hizo nne. Hodi yake huitupa kwa 255.255.255.255, maana yake yeyote aliyemo humu na asikie, na kwa kuwa bado haina namba, hujitambulisha kama 0.0.0.0. Nusu ya muda wake ikifika, inaomba kuongezewa kimyakimya, hakuna anayejua.

Sasa abiria amebisha, amebisha tena, mapokezi kimya. Huyu haondoki. Anajichagulia namba ya kubahatisha inayoanza na 169.254, anauliza waliopo kama kuna mwenye nayo, na asipojibiwa anakaa nayo koridoni. Atapiga soga na abiria wengine waliokwama kama yeye, ila mlinzi wa geti hamruhusu kutoka.

Windows ilianza tabia hii katika toleo la 98. Mwaka 2005 kanuni zake ziliandikwa rasmi kwenye waraka RFC 3927, ulioandaliwa na Stuart Cheshire wa Apple, Bernard Aboba wa Microsoft na Erik Guttman wa Sun. Fungu zima la 169.254 lina namba 65,536. Ukitoa 512 zilizowekwa kando, zinabaki 65,024 za kuchagua. Ruta hairuhusiwi kupitisha mzigo wa namba hizi kwenda nje. Ndiyo maana kuna kioja hiki: kompyuta mbili zilizokwama kwenye swichi moja (kisanduku cha matundu kinachounganisha waya za kompyuta) zinaweza kutumiana mafaili vizuri kabisa huku zote zikilia hazina intaneti.

Umeme unaingiaje hapa? Kompyuta yenye UPS, yaani betri ya akiba, haikuzimika. Swichi na ruta, ambazo aghalabu hazina UPS, zilizimika. Umeme ukirudi swichi inaweza kuwa tayari kabla ya ruta, kompyuta ikaona waya una uhai, ikabisha hodi, na wa kuitika bado anaamka. Windows hujaribu tena kila baada ya dakika 5, hivyo mara nyingi hali hujirekebisha yenyewe, na sifa huenda kwa yule aliyekuwa akiizima na kuiwasha wakati huo.

Ikigoma, andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Kompyuta moja tu ikisumbua, hamishia waya wake kwenye tundu jingine la swichi. Msimu wa radi tundu moja linaweza kuungua na mengine yakabaki salama. Taa ya tundu kuwaka si uthibitisho kwamba waya ni mzima. Zikikwama zote, nenda kwenye ruta. Angalia pia kama namba zimeisha: simu za wageni zinazoingia Wi-Fi nazo hushika vyumba.

Kuna tatizo moja ambalo 169.254 haitakuonyesha. Mtu analeta ruta yake ya nyumbani aongeze Wi-Fi, anaichomeka ukutani, na gesti inakuwa na mapokezi mawili yanayogawa funguo. Kompyuta inapata namba safi, lakini 192.168.0.14 wakati wenzake wote ni 192.168.1. Linganisha na ya jirani yako, kisha itafute hiyo ruta. Huwa nyuma ya kabati.

Katika orodha hiyo hiyo ya ipconfig utaona mstari unaoanza na fe80. Huo usikutishe. Ni namba ya IPv6, mfumo mpya zaidi wa namba za mtandao, na huko kila kompyuta hujipa namba ya namna hii siku zote, hata mambo yakiwa shwari.