Montecatini Terme: Yanayosimuliwa na Yaliyotokea

Montecatini Terme ni mji mdogo wa Toscana, wenye watu kama elfu ishirini, uliokaa chini ya kilima katika bonde la Nievole kati ya Firenze na Lucca. Tangu 2021 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na miji mingine kumi ya maji ya tiba barani Ulaya, na ndio pekee kutoka Italia. Sifa zake zimesambaa kwa mdomo na kwa vijitabu vya wageni, na nyingi zimepinda njiani. Nasikitika zaidi kwa sababu ukweli wa mji huu ni mtamu kuliko uvumi wake.

"Ni bafu za Warumi wa kale"

Ukisimama mbele ya Tettuccio, jumba kuu la maji, ukaona nguzo nene, matao na sanamu, ni rahisi kuamini kwamba makaisari waliwahi kupita hapo. Lakini sura hiyo ni ya karne ya ishirini. Msanifu Ugo Giovannozzi aliikamilisha katika miaka ya 1920, akiiga ukubwa wa Kirumi kwa makusudi.

Maji yenyewe yalijulikana zamani. Tabibu mmoja mzaliwa wa kilimani hapo, Ugolino wa Montecatini, aliandika kwa Kilatini mnamo 1417 kitabu kuhusu maji ya tiba ya Italia, na chemchemi za kwao hakuzisahau. Ila katika zama zake huku chini hapakuwa na mji wa kutembelea. Palikuwa na visima, vibanda, na upande wa kusini kinamasi kikubwa cha Fucecchio. Watawala wa ukoo wa Medici walizuia maji ya kinamasi hicho yasitoke ili wapate samaki wengi. Samaki walipatikana, lakini mbu nao walizaliana na homa ikawamaliza wanakijiji.

Aliyebadilisha mambo ni Pietro Leopoldo, aliyetawala Toscana kuanzia 1765 hadi 1790. Huyu ndiye mtawala aliyefuta adhabu ya kifo katika nchi yake mwaka 1786, Toscana ilipokuwa bado dola ya peke yake, ikawa ya kwanza Ulaya ya zama hizo kuifuta kisheria. Aliagiza maji yaliyotuama yapewe njia, mifereji ichimbwe, kisha akamkabidhi msanifu Gaspare Maria Paoletti kazi ya kujenga: Bagno Regio mwaka 1773, Terme Leopoldine 1775, Tettuccio ya kwanza 1779. Barabara pana iliyonyooka, yenye miti pande zote mbili, ikapita katikati. Ndiyo hiyo hiyo inayoitwa leo Viale Verdi.

Kwa hiyo mji huu haukurithiwa kutoka kwa mtu yeyote. Ulipangwa kwenye karatasi, na kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa malaria. Hilo peke yake linanifanya niuheshimu kuliko magofu mengi yenye umri mkubwa zaidi.

"Watu huenda kuogelea katika maji ya moto"

Hii ndiyo dhana inayowaangusha wageni wengi. Wanafika na nguo za kuogelea, wakitarajia dimbwi linalofuka mvuke. Umaarufu wa Montecatini ni wa maji ya kunywa, na maji yenyewe ni ya vuguvugu tu.

Utaratibu wa enzi za fahari yake ulikuwa hivi. Mgonjwa humwona daktari kwanza. Daktari huandika maji gani, kiasi gani, kwa siku ngapi. Asubuhi, tumbo likiwa tupu, mgonjwa huingia Tettuccio na kikombe chake hadi kwenye kaunta ya marumaru ambako maji hutoka bombani. Nyuma ya kaunta ukutani kuna picha kubwa za vigae zilizochorwa na Basilio Cascella, zikionyesha umri wa binadamu: mtoto mchanga, kijana, mama, hadi uzee. Mgonjwa hujaza kikombe, hunywa taratibu, halafu hutembea. Bendi hupiga muziki chini ya kuba, watu huzunguka bustanini wakizungumza, kisha hurudi kujaza tena. Ladha ni ya chumvi yenye uchungu kidogo, haifichiki.

Kutembea huko kulikuwa na sababu. Maji haya yana chumvi nyingi za salfeti na kloridi. Zikifika utumbo, zinavuta maji kuingia humo, na tumbo linalegea. Ndiyo maana bustani za maji ya Montecatini zilijengwa na vyoo vingi, vimepangwa kwa safu, karibu na njia za matembezi. Vijitabu vya utalii haviwaonyeshi wasomaji vyoo hivyo, lakini bila hivyo ramani ya bustani haieleweki.

Hapa kuna dhana nyingine ndani ya hii: kwamba kila chemchemi ina muujiza wake, huu wa ini, ule wa figo. Majina manne maarufu ni Leopoldina, Regina, Tettuccio na Rinfresco, na tofauti kubwa kati yao ni ukali wa chumvi. Leopoldina ndiyo nzito, Rinfresco ndiyo nyepesi. Mvua hunyesha milimani, hupenya ardhini hadi kina kirefu, huyeyusha chumvi za miamba ya kale, kisha hupanda tena na kuchanganyika na maji matamu ya juu kwa viwango mbalimbali. Madaktari walitumia viwango hivyo kama ngazi ya dozi.

Kuoga kulikuwepo pia, hasa katika Leopoldine, pamoja na tiba ya tope. Anayetafuta joto kali hasa aende kilomita chache kando, Monsummano, kwenye pango la Grotta Giusti lililogunduliwa mwaka 1849. Humo watu hukaa kwenye mvuke hadi jasho linawatiririka.

Na je, maji haya yanatibu kila kitu? Hapana. Aliyefunga choo yanamsaidia, na hilo halina utata. Anayekuambia yanaponya kisukari au saratani anakudanganya, na mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu asiyanywe kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa sababu ni maji ya chumvi.

"Vita vya Montecatini vilipiganiwa kwa ajili ya chemchemi"

Vita vilitokea kweli, tarehe 29 Agosti 1315. Jeshi la Pisa na Lucca chini ya Uguccione della Faggiola liliwavunjavunja Wafirenze na wenzao wa Naples. Lakini kilichogombewa kilikuwa ngome ya juu kilimani, ambayo leo inaitwa Montecatini Alto, na njia iliyopita chini yake. Pietro, ndugu wa mfalme Robert wa Naples, alipotea siku hiyo na mwili wake haukupatikana kamwe. Kile kinamasi nilichokitaja kiliwameza wengi waliokuwa wakikimbia.

Ngome yenyewe ilidumu hadi 1554, Cosimo wa Kwanza wa Medici alipoamuru ibomolewe kwa kuwa maadui zake walijificha humo. Ndiyo maana leo kuna minara michache tu na vipande vya ukuta. Wageni huipenda kwa mandhari yake na kwa mikahawa ya uwanjani, na wengi hudhani Alto ni kitongoji kilichoota juu ya mji wa maji. Ni kinyume: kijiji cha juu ndicho mzazi. Kinachoviunganisha tangu 1898 ni kitreni chekundu kinachovutwa kwa kamba ya chuma. Mabehewa ni mawili, Gigio na Gigia. Moja likipanda lingine linashuka, yanapishana katikati, na safari ni ya dakika kumi hivi.

"Verdi alitungia opera zake hapa"

Giuseppe Verdi alikuja karibu kila kiangazi katika miaka yake ya mwisho, pamoja na mkewe Giuseppina Strepponi, na alikuwa akifikia hoteli ya Locanda Maggiore. Hadi hapo ni sawa. Wenyeji huongeza kwamba alimalizia hapo opera ya Otello. Muziki wa Otello aliuandika hasa Genoa na nyumbani kwake Sant'Agata.

Lililotokea Montecatini kweli linavutia zaidi, na barua zake zipo. Julai 1889 mshairi Arrigo Boito alimpelekea muhtasari wa opera ya kuchekesha, Falstaff. Verdi alikuwa na miaka 75 na watu walikwishaamini kwamba amestaafu. Aliusoma akiwa hapo kwenye maji, akafurahi, siku iliyofuata akaingiwa na hofu: na nguvu zangu zikiisha kabla ya kumaliza? Boito akamjibu kwa upole, na baada ya siku chache mzee akakubali, kwa sharti la kutunza siri. Opera ilionyeshwa Milano Februari 1893. Kwa hiyo hapa hakutunga. Hapa aliamua kutunga tena, na kwa mtu wa umri ule uamuzi ndio ulikuwa mgumu.

"Christian Dior alikufa kwa kusakamwa na mwiba wa samaki"

Mbunifu huyu wa mavazi wa Ufaransa alifia Montecatini tarehe 24 Oktoba 1957, akiwa na miaka 52, katika hoteli ya La Pace. Uvumi wa mwiba ulianza mapema, na mwingine ukadai alianguka akicheza karata. Maelezo yanayokubalika ni mshtuko wa moyo. Moyo wake ulikuwa umemsumbua kabla, naye alikwenda Italia ili apunguze uzito. Baada yake nyumba ya Dior ilimwangukia kijana wa miaka 21, Yves Saint Laurent.

Kuna pia kampuni. Wengi waliosoma kemia wanalijua jina Montecatini, na hudhani kampuni ile kubwa ilizaliwa kwenye maji haya. Ilianzishwa mwaka 1888 kuchimba shaba katika Montecatini nyingine, Val di Cecina, mkoa wa Pisa. Ndiyo iliyomfadhili Giulio Natta alipotengeneza polipropilini mwaka 1954, plastiki inayofumiwa viroba vya sandarusi vya mahindi na mchele. Viroba hivyo havina undugu wowote na mji wa Verdi.

"UNESCO imeuokoa mji"

Laiti. Baada ya vita vya pili vya dunia bima za serikali ziliwalipia wafanyakazi wa Italia tiba ya maji, na mji ukajaa hoteli. Malipo hayo yalipopunguzwa, wagonjwa walipungua pia. Kampuni ya umma iliyomiliki majumba ya maji ilizama katika madeni, na ukarabati mkubwa wa Leopoldine, uliochorwa na msanifu Massimiliano Fuksas, ulikwama njiani. Kuingizwa kwenye orodha hakulipi deni wala hakuezeki paa. Kunampa mwenye mali wajibu wa kutunza, na wajibu huo sasa uko mabegani mwa Waitalia wenyewe.

Anayepanga kwenda aulize kwanza Tettuccio iko wazi siku zipi, kwa maana majira ya baridi si ya kuitegemea. Palazzo Comunale, jengo la manispaa kwenye Viale Verdi, asilipite pia: ndani yake kuna vioo vya rangi na michoro ya Galileo Chini, mmoja wa mafundi wakubwa wa sanaa za mapambo Italia, na humo ndani kazi za ofisi zinaendelea kama kawaida.