Aliyepigwa mionzi habebi mionzi

Juzi tena, barazani Chikongola, nimesikia mtoto akiitwa kwa ukali: "We, njoo huku! Bibi yako ana mionzi!" Bibi mwenyewe kakaa hapo hapo kwenye mkeka, karudi na basi kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na masikio yake ni mazima. Ndani ametengewa sahani ya plastiki juu ya kabati, peke yake, isije ikachanganyika na za wengine. Kauli hiyo nimeisikia Mtwara, nimeisikia Lindi, na inasemwa kana kwamba daktari ndiye aliyeagiza.

Tiba ya mionzi ni kutumia miale yenye nguvu kuharibu seli za saratani pale zilipo. Mgonjwa analala, mashine inalengwa kwenye alama alizochorwa mwilini, zinapita dakika chache, anashuka na kwenda zake. Kesho tena, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa. Dozi inagawanywa hivyo ili seli nzima zipate muda wa kujitengeneza, kazi ambayo seli za saratani haziiwezi vizuri.

Sasa tuje kwenye kero yangu. Kupigwa mionzi ni jambo moja, kubeba mionzi ni jingine kabisa. Ukiumulika ukuta kwa tochi kisha ukaizima, ukuta haubaki ukiwaka. Mionzi ya nje ndivyo ilivyo, iwe ya mashine ya kobalti au ya zile mpya zinazotumia umeme: inapita, inafanya kazi yake, na mgonjwa akitoka mlangoni hana cha kumwambukiza mtu. Jasho lake ni jasho tu. Mjukuu amkalie mapajani, wale sahani moja, walale kitanda kimoja.

"Mbona wahudumu wanakimbia na kufunga mlango?" Hili huulizwa na kila aliyemsindikiza mgonjwa, na ni swali la haki. Wanatoka kwa sababu wao wapo pale kila siku, mgonjwa baada ya mgonjwa, mwaka baada ya mwaka. Wakibaki ndani, watajikusanyia dozi wasiyoihitaji. Mlango ule unazuia miale wakati mashine inafanya kazi. Haukuwekwa kumfungia mgonjwa.

Ipo pia mionzi ya ndani, wanayopewa wengi wenye saratani ya shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Jina linatisha, eti imeingizwa ndani. Ni kweli huingizwa: chanzo kidogo cha mionzi hupitishwa kwenye mrija mpaka karibu na uvimbe, hukaa dakika kadhaa, kisha mashine hukirudisha chenyewe. Mama anashuka kitandani bila chochote. Miaka ya nyuma, katika hospitali nyingi duniani, chanzo kiliachwa ndani hata siku nzima au zaidi, na mgonjwa alilazwa chumba cha peke yake. Lakini hata huyo, kikishatolewa, kimetolewa.

Kwa haki ya wanaoogopa, kuna tiba ambayo tahadhari yake ni ya kweli. Mwenye saratani ya tezi ya shingo anaweza kupewa iodini yenye mionzi aimeze. Hiyo hubaki mwilini siku kadhaa na hutoka kwa mkojo, jasho na mate, kwa hiyo hukaa mbali na watoto na wajawazito, na hospitali yenyewe ndiyo humwambia ni siku ngapi. Nadhani uvumi wetu umechipukia hapo. Au umetokana na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, maana wengi hupewa vyote viwili: dawa za kemo hutoka kwenye mkojo na matapishi kwa siku mbili hivi, na anayesafisha avae glavu. Avae glavu, asimhamishe mtu chumba.

Ajabu ni kwamba tunajikinga na kisichokuwepo, na anachorudi nacho kweli hatukioni. Anarudi na uchovu, na si ule wa safari ya kilomita zaidi ya 500. Huu huongezeka kuelekea mwisho wa tiba na kuendelea wiki nyingi baadaye. Ngozi iliyopigwa inaweza kuzidi kuwa nyeusi na kuchubuka wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, wakati watu wameshaanza kusema, "Si amemaliza?" Msimu wa korosho ukimkuta hivyo, anatazamiwa aende kuokota kama wenzake. Matembezi mafupi jioni yanamsaidia. Kuinama kutwa chini ya mikorosho, bado. Ngozi ioshwe taratibu kwa maji ya uvuguvugu, avae kanga au gauni pana la pamba, na mafuta ya kuchua yakae kwanza mpaka muuguzi aulizwe. Aliyepigwa mionzi ya nyonga akiharisha, anywe maji kwa wingi na ORS.

Halafu kuna waume. Mume anahama chumba akihofia kuambukizwa mionzi, na mke anaelewa kwamba hatakiwi tena. Mionzi haipo. Kilichopo ni kwamba baada ya tiba ya shingo ya kizazi uke unaweza kukauka na kubana, na kliniki wana njia za kusaidia hilo. Wanandoa wengi hawaulizi kwa aibu, na muuguzi naye asipoulizwa hasemi.

Kwa hiyo, jamani, mkipokea mgonjwa wenu, kabla ya kutenga sahani mwulizeni yeye au kliniki yake swali moja: ilikuwa mionzi ya nje, ya ndani, au ile dawa ya kumeza? Ikiwa ni ya kumeza, fuateni siku mlizopewa. Ikiwa ni ya nje, au ya ndani ambayo chanzo chake kimeshatolewa, hakuna siku za kuhesabu.