Funga daftari kwanza

Mitihani ikikaribia, wazazi huniletea kilio kimoja: mtoto anakesha na madaftari, akiingia chumba cha mtihani anatoka kapa. Wengi huwa wameshakata shauri kwamba mtoto ni mzito wa kichwa. Mara nyingi si hivyo. Kasoro iko kwenye namna anavyosoma.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja na binti yake wa darasa la saba. Daftari la sayansi lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa kalamu za rangi, na ukurasa wa usanisinuru ulishaanza kuchakaa kwa kufunuliwa. Nikamwomba binti alifunge, anieleze mmea unatumia nini kujitengenezea chakula. Akasema maji na mwanga wa jua, kisha akakwama. Nilipomruhusu kulifungua, jicho likatua kwenye "kabonidayoksaidi", akaguna: "Aa, hii mbona naijua!"

Hakuwa anadanganya. Saikolojia ya utambuzi, taaluma inayochunguza jinsi akili inavyopokea, kutunza na kutumia maarifa, hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kukitambua kitu ukikiona, na kukitoa kichwani ukiwa huna pa kuchungulia. Ni kama kukutana na mtu stendi: sura unaijua, jina halitoki. Ukurasa uliosomwa mara kumi hupita machoni kwa wepesi, na wepesi huo mwanafunzi huudhania kuwa ndio ujuzi.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya habari. Kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika kwenye karatasi yote waliyoyakumbuka, bila kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kuliongoza, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka: kifungu walichojikumbusha kilipata asilimia 56, kile walichokirudia kusoma 42. Katika jaribio la pili, waliosoma na kusoma tena ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mtoto wa namna hii hana cha kumshtua mpaka siku ya mtihani.

Walimu wa madrasa hawakungoja maabara kulijua hili. Anayehifadhi Kurani husoma mbele ya mwalimu msahafu ukiwa umefungwa, hurekebishwa papo hapo, na sura za zamani hurudiwa siku baada ya siku zisije zikamtoka. Kupishanisha siku huko kuna uzito wake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, aliona kwamba kusahau huenda kasi sana katika saa za mwanzo, kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa hiyo nusu saa kwa siku nne tofauti ni bora kuliko saa mbili za usiku mmoja.

Ila maswali yasiishie kwenye "taja". Kukariri tafsiri ya neno hakumsaidii mtoto swali likigeuzwa kidogo. Muulize: mche ukifungiwa kabatini, kwa nini unadhoofika hata ukimwagiliwa maji? Akikuna kichwa, mwache akune. Jibu alilolisumbukia, hata akilikosa kwanza kisha akaonyeshwa lililo sahihi, hukaa kuliko lile alilotafuniwa.

Yule mama aliniambia yeye sayansi haijui. Nikamwambia ashike tu daftari aulize, na binti akikosea walifungue waangalie pamoja. Sasa humuuliza jioni akikanda unga wa maandazi, daftari likiwa upande wake wa meza. Swali lililokosewa linarudi kesho yake, kisha tena baada ya siku tatu.