Unahuisha RHCSA? Zima mashine, uiwashe tena

Cheti cha RHCSA, cha usimamizi wa mifumo ya Linux kutoka kampuni ya Red Hat, kina uhai wa miaka 3, na cha kwangu kinaelekea ukingoni. Jioni nikirudi Njiro nafungua laptopu na kuanza mazoezi. Wenzangu wananicheka: si ndiyo kazi yako ya kila siku? Ndiyo, ila kazini seva ukishaiweka sawa unaiacha ifanye kazi. Diski unaigawa leo, miaka inapita hujaigusa tena.

Mtihani wenyewe, EX200, hauna maswali ya kuchagua. Unapewa mashine na orodha ya kazi, na kila ulichofanya lazima kiendelee kuwepo mashine ikiwashwa upya bila wewe kuigusa. Hapo ndipo wazoefu tunapoumbuka. Ukiruhusu tovuti kwenye ukuta wa moto kwa `firewall-cmd --add-service=http` bila `--permanent`: tovuti inafunguka, unafurahi, ukiwasha upya haifunguki. Ukiwasha huduma kwa `systemctl start` bila `enable` (inayoifanya ijiwashe yenyewe), hadithi ni ileile. Kosea mstari mmoja kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka, na mashine inaweza kugota kwenye hali ya dharura, kwa hiyo kabla ya kuzima likague faili hilo kwa `findmnt --verify`, halafu jaribu kuziunganisha kwa `mount -a`. (Hapa Arusha umeme ukikatika na UPS ikaishiwa chaji, seva ndiyo hutoboa siri ya nani aliweka mambo nusunusu.)

SELinux, ulinzi wa Linux unaoamua programu ipi iguse nini, naipa muda kuliko vyote. Mafundi wengi huizima siku ya kwanza, nami nawaelewa, mteja anasubiri. Lakini ukizoea kuizima hutajua kwa nini Apache, programu ya seva ya wavuti, inakataa kusikiliza bandari 82. Inatakiwa uiruhusu bandari hiyo kwa `semanage port`. Kwa faili, kubadilisha lebo ya SELinux kwa `chcon` kunakutoa kimasomaso tu, kwani `restorecon`, inayorudisha lebo za kikanuni, ikipita inafuta mabadiliko hayo. Andika kanuni ya lebo kwa `semanage fcontext`, kisha ndiyo uiite `restorecon`.

Maabara haina gharama. Red Hat humpa msanidi binafsi usajili wa bure wa hadi mifumo 16, na AlmaLinux na Rocky Linux, mifumo ya bure inayofanana na wa Red Hat, zipo pia. Hifadhi hali ya mashine pepe ikiwa safi, iharibu, irudishe. Video za masomo mimi naziruka, zinamfaa anayeanza. Kwenye mtihani hakuna intaneti, ila kurasa za `man`, yaani maelezo ya amri yaliyomo ndani ya mashine, zipo. Zoea `man -k`, ya kuzitafuta kwa neno, na ukifungua `man semanage-fcontext` shuka moja kwa moja hadi chini, mifano iko huko.