Rezini kuganda upesi si mnyororo kukua upesi

Fundi wa boti za faiba pale Tanga akizidisha dawa ya kugandishia, rezini hushika upesi. Wengi, hata wanafunzi wa kemia, hudhani molekuli za staireni, kimiminika kilichomo ndani ya rezini, sasa zinaungana kuwa minyororo kwa kasi zaidi. Sivyo. Kilichoongezeka ni radikali, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzi zinazoanzisha minyororo, na hivyo idadi ya minyororo inayokua kwa pamoja. Joto likiwa lilelile, kila mmoja hukua kwa mwendo uleule. Muda wa kuganda huchanganya mambo matatu: minyororo kuanza, kukua na kufa.

Ndiyo maana maabara hutumia leza ya vipigo. Mmweko wa urujuanimno wa nanosekunde chache huzaa radikali. Mmweko unaofuata huzaa nyingine, nazo huua sehemu ya zile za kwanza. Minyororo mingi basi hufa ikiwa na umri mmoja unaojulikana. Kinachopimwa baadaye ni urefu wake, yaani idadi ya molekuli zilizoungana. Ugawanye kwa muda kati ya mimweko na kwa ukolezi wa staireni, umepata kizigeu cha kukua, yaani namba inayoonyesha kasi ya mnyororo kuongeza molekuli. Mwanakemia Olaj na wenzake walionyesha hivyo mwaka 1987, na ni ujanja hasa: unapima mwendo bila kuutazama. Kwa staireni kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, jibu ni takriban lita 86 kwa moli kwa sekunde. Mimweko ikiachana sekunde 0.1, mnyororo huongeza molekuli kama 75.